Wasifu wa Mwisho Kabisa

Kama ni kweli kwamba haraka haina baraka, basi kompyuta mpakato ya Mzee Bagenda ilikuwa imebarikiwa kuliko kifaa kingine chochote katika kata ya Mkuyuni. Siku hiyo ya Alhamisi aliiwasha saa moja asubuhi, akaenda kuoga, akanywa uji, akasikiliza taarifa ya habari redioni hadi kwenye michezo, ambayo hakuipenda, na aliporudi mezani aliikuta bado inamkaribisha. Neno lenyewe lilikuwa kiooni: Karibu. Chini yake kiduara kilizunguka bila kuchoka, kwa adabu zote, kama mtumishi anayemweleza mgeni kwamba mwenye nyumba yuko njiani.

"Imeamka?" aliuliza mkewe, Prudencia, kutoka jikoni.

"Inaamka."

"Jana pia ilikuwa inaamka. Maharage yangu yanakaribia kuiva, Baba Koku, na yaliingia chunguni baada yake."

Mzee Bagenda alivuta kiti akaketi. Mtu aliyekuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na sita hajibizani na maharage.

Tena hakuwa na muda wa kupoteza. Jumatatu alitakiwa kulazwa hospitali ili apasuliwe ngiri. Daktari, kijana asiye na heshima kwa matukio makubwa, alimweleza kwamba ni upasuaji wa dakika arobaini na kwamba kesho yake angerudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Bagenda hakudanganyika. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba kila aliyefia juu ya meza ya upasuaji aliahidiwa jambo la namna hiyo. Kwa hiyo alikuwa na siku nne za kuchapisha wasifu wake.

Haukuwa wasifu wa kuombea kazi. Ulikuwa ule unaosomwa kanisani mbele ya jeneza, ili waombolezaji wajue wanamzika nani. Watu wa kawaida huandikiwa na ndugu zao wakati wa msiba, mbio mbio, huku mmoja akitafuta kalamu na mwingine akibisha juu ya mwaka wa ubatizo. Ndiyo maana watu wa kawaida huzikwa na tarehe zisizo zao. Bagenda aliuanza wa kwake mwaka aliostaafu. Alikuwa ameufanyia kazi kwa miaka kumi na mbili, na kasoro pekee aliyoiona ndani yake ilikuwa tarehe ya kufariki, ambayo kwa kukosa taarifa rasmi aliiachia nukta nukta.

Asipouchapisha, angezungumza Jovinary. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, wala si kisu cha daktari. Jovinary alikuwa mdogo wake, mkazi wa Muleba, mwenye migomba mingi na sauti ya kuwafikia watu walio nje ya kanisa. Hakuwahi kusoma karatasi mbele ya watu. Yeye husimama tu na kusema. Katika msiba wa shangazi yao alisema kwa dakika ishirini, watu wakacheka hadi mchungaji akavua miwani, na walipofika kaburini kila mmoja alimjua shangazi jinsi alivyokuwa hasa. Bagenda aliyaona hayo kwa macho yake na hakutamani yamfike. Jovinary angewaambia habari za bata mzinga aliyemkimbiza na suti yake ya kwanza mpaka kwenye zizi la watu. Angeiga hata mbio zenyewe.

Haikuwa kwamba mzee hakujaribu kuitibu mashine. Alipodhani inaumizwa na ugumu wa meza, aliitandikia kitambaa cha kufuma cha Prudencia, kilichokunjwa mara mbili, akashangaa kuona inazidi kupumua kwa shida. Alipodhani ni virusi, aliiwekea programu ya kuua virusi kwa ushauri wa mkwewe, na nyingine kwa ushauri wa mzee wa kanisa. Ya tatu ilijitokeza kiooni ikajipendekeza yenyewe, naye hakuona sababu ya kuinyima nafasi. Tangu hapo programu hizo tatu zilishinda zikikaguana. Mwishowe alifungua daftari akaanza kurekodi muda wa kuwaka: Jumatatu dakika thelathini na moja, Jumanne dakika thelathini na nne, Jumatano dakika arobaini na moja. Maoni ya mkaguzi: hairidhishi. Mashine haikuonyesha dalili ya kujirekebisha, jambo ambalo halikutofautiana na uzoefu wake wa awali.

Ijumaa walipanda bajaji kwenda Nyamagana, Prudencia akiipakata kompyuta. Mtu mwenye ngiri hakuruhusiwa kubeba mzigo, na kompyuta ile ilikuwa ya zama ambazo uzito ulihesabiwa kuwa ubora.

Fundi aliitwa Zahabia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa akitengeneza kompyuta katika chumba kilekile ambamo babu yake aliuza vitambaa kwa mita. Kaunta ya mbao ilikuwa ileile. Hata alama za kupimia zilikuwepo bado ukingoni.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bagenda. "Unanifahamu?"

"Nani asiyekufahamu? Ulikuja kukagua shule yetu nikiwa darasa la tano. Tulifagia siku tatu. Wasiojua kusoma walipelekwa ziwani kuteka maji mpaka ulipoondoka."

"Shule hiyo niliipa daraja la kwanza."

"Ndiyo, mwalimu. Tulikuwa na maji mengi sana."

Prudencia alikohoa ndani ya kiganja. Zahabia aliipindua mashine, akafungua skrubu za chini, akanyanyua kifuniko na kuchungulia kama mtu aliyefungua chungu cha jirani. Kwa kibano alitoa kwenye feni vumbi lililoshikana, uzi mweupe mrefu, na vijidudu vya ziwani vilivyokauka, kiasi cha kujaza kijiko cha chai.

"Hawa hufuata mwanga," alisema. "Na uzi?"

"Uzi ni wangu," Prudencia alisema. "Alinikopa kitambaa bila kuniuliza."

"Mama, ulikuwa unaiziba pua."

"Mimi? Mimi nilikuwa jikoni."

Zahabia aliiwasha, akaziondoa programu mbili kati ya zile tatu, akazizuia nyingine kumi na moja zilizokuwa na desturi ya kuamka pamoja na mashine bila kuitwa. Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Bagenda alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama alivyosimama nyuma ya walimu kwa miaka ishirini na sita. Kisha Zahabia alifungua diski kuona kilichomo, akavuta kiti karibu.

"Imejaa."

"Imejaa nini?"

"Hilo nilitaka kukuuliza wewe. Nakala elfu mbili mia tisa na kumi na nne, zote za jina moja. Wasifu wa Mwisho. Wasifu wa Mwisho Uliosahihishwa. Wasifu wa Mwisho Kabisa. Wasifu wa Mwisho Kabisa Usiguse." Aligeuka. "Mwalimu, umekufa mara ngapi?"

"Binti, waraka haufutwi," alisema Bagenda kwa upole anaotengewa mtu asiyejua taratibu. "Ukisahihisha, unafungua nakala mpya, ile ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu. Hivyo ndivyo ofisi za serikali zinavyoendeshwa."

"Ndivyo zinavyoendeshwa," Zahabia alikubali, akitazama kiduara kikizunguka. "Na hizi picha? Karibu kila nakala ina picha, nyingine hadi sitini na mbili."

"Viambatisho. Ni vyeti vyangu."

Vilikuwa vyeti kweli. Kulikuwa na stashahada mbili za halali, zilizopatikana kwa jasho, na baada yake msururu wa karatasi zenye nembo: semina ya ufugaji wa nyuki, warsha ya vyoo bora, kongamano la wadau ambalo halikueleza ni wadau wa nini. Kimoja kilithibitisha kwamba Bagenda alihudhuria ufunguzi wa mafunzo ambayo yenyewe hakuyahudhuria. Mzee alikuwa amezipiga picha zote kwa ukubwa wa juu kabisa ili mihuri isomeke, akazibandika katika kila nakala mpya, kila siku aliyobadilisha koma.

"Kwa hiyo mashine haikuwa mgonjwa," alisema Prudencia.

"Hapana, mama. Ilikuwa imevimbiwa. Ila sasa ni mgonjwa pia." Zahabia aliweka sikio karibu na diski, ambayo ilitoa mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna punje ya mchanga. "Unasikia? Imechoka. Kuna sehemu haisomeki tena, na nakala zako za miaka miwili ya mwisho zimelala hukohuko. Haziitiki."

Bagenda alishika ukingo wa kaunta. "Haziitiki kwa maana gani?"

"Kwa maana hiyohiyo, mwalimu. Sikiliza. Nitakuwekea diski mpya, hizi za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Leo hii. Lakini nikijaribu kuhamisha mzigo wote huu, hii ya zamani itafia njiani na tutakosa vyote. Chagua nakala moja. Vyeti nitavihamisha mara moja tu. Si mara elfu tatu."

"Nakala moja."

"Mtu mmoja, wasifu mmoja," alisema Prudencia. "Inaelekea ni utaratibu mzuri."

Mzee aliomba iliyo mpya kuliko zote miongoni mwa zinazofunguka. Zahabia alieleza kwamba faili lililoharibika huonekana mwishoni, kwa hiyo angeijaribu kila moja kwa kufungua aya yake ya mwisho. Alianza na nakala ya miaka mitatu iliyopita, ambayo ilikuja taratibu, mstari kwa mstari, naye akasoma kwa sauti yale aliyoyaona:

"'Ameacha mjane mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa na machapisho saba.' Halafu ni alama za ajabu ajabu. Hii imeharibika."

"Mmoja," alisema Prudencia. "Asante kwa kuhesabu."

Bagenda aliangalia barabarani, ambako hapakuwa na jambo lolote. Zahabia, ambaye hakuwa mjinga, alifungua nyingine iliyoitangulia kwa miaka miwili bila kutazama upande wowote.

"'Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu saba.' Nayo imekatika." Alifungua nyingine. "Mwaka 2016. 'Ameacha mke wake, Prudencia, mpiga chapa mstaafu.' Hapa pia pamechanika."

"Ninakua," alisema Prudencia. "Endelea kurudi nyuma, mwanangu. Huenda tukanikuta nikiwa mtu mzima."

"Mama Koku," alisema Bagenda, "jambo hili lina maelezo. Mchungaji ametoa dakika kumi tu za kusoma wasifu. Kumi! Kila cheti kinapoingia, lazima kitu kitoke."

"Na kilichotoka ni mimi."

"Wewe watu wanakufahamu. Cheti hakifahamiki mpaka kisomwe."

Aliitoa hoja hiyo kwa unyofu kamili, kama alivyowahi kuwaeleza walimu kwamba shule isiyo na madawati ina nafasi zaidi ya mazoezi ya viungo. Prudencia alimtazama kwa muda. Alikuwa na namna ya kutazama ambayo wapiga chapa wote wa zamani wanayo, ya mtu aliyesoma barua za wakubwa kabla hazijatiwa sahihi.

Zahabia alirudi nyuma hadi akaishiwa. Nakala ya kwanza kabisa ilifunguka bila kusita, yote, ukurasa mmoja na nusu, bila picha hata moja.

"Hiyo niliipiga mimi," alisema Prudencia. "Alikuwa bado hajajua vibonye. Alisema, nikapiga. Soma mwisho wake."

Zahabia alisoma. "'Mwaka 1977 marehemu alifeli mtihani wa chuo cha ualimu akafungasha vitu vyake arudi kwao kulima. Mkewe, Prudencia, mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba Magu, alimwambia kwamba migomba ya kwao haikuwa na upungufu wa watu. Alimlipia kurudia mwaka kwa mshahara wake. Kila Jumamosi alimpigia chapa maswali ya mitihani iliyopita, akamsahihishia majibu kwa kalamu nyekundu. Marehemu hakuwahi kumwambia kwamba kalamu ile ilimuudhi. Anamwambia sasa, kwa kuwa amekwisha kufa, na pia kwamba asingekuwa mwalimu bila hiyo kalamu.'"

Ndani ya diski ile punje ya mchanga iliendelea kutafunwa.

"Uliandika hivyo," alisema Zahabia.

"Nilikuwa nimestaafu wiki ileile," alisema Bagenda, kwa sauti ya mtu anayetaja hali iliyompunguzia makosa. "Sasa, hiyo haiwezi kutumika. Haina chochote cha miaka kumi na mbili. Tafuta inayofuata baada yake, yenye vyeti. Kipande cha mwisho kikikosekana si hoja, nitakiongeza mwenyewe."

"Ndiyo, mtafutie," alisema Prudencia. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akafuta miwani pande zote mbili kwa utaratibu. "Mhamishie yoyote anayotaka. Ila ajue jambo moja. Karatasi hiyo itakabidhiwa kwangu niitunze, na siku yenyewe mimi ndiye nitakayetakiwa kuitoa. Na mimi, mjane mmoja, ninaweza kuisahau nyumbani."

"Uisahau!"

"Majonzi, Baba Koku. Mtu mwenye majonzi husahau vitu. Watu watakuwa wamekaa, mchungaji anasubiri, karatasi haipo. Jovinary atasimama aseme."

Bagenda aliwaza juu ya kanisa lililojaa, watumishi wenzake wastaafu katika safu ya mbele, na mdogo wake katikati akikusanya pindo za suti isiyokuwepo, tayari kukimbia. Ngiri ilimchoma. Au labda haikuwa ngiri.

"Shemeji yako hatathubutu," alisema, ingawa wote wawili walijua kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho Jovinary hakuwahi kushindwa.

"Mwalimu," Zahabia alisema, "diski hainisubiri."

"Ya kwanza," alisema mzee, kama mtu anayetia sahihi ripoti asiyoiafiki.

Waliondoka saa kumi alasiri, mashine ikiwa na diski mpya, feni safi, na ukurasa mmoja na nusu wa maisha ya mtu. Zahabia aliwasindikiza hadi mlangoni akawaonyesha kwa mara ya mwisho. Aliibonyeza, ikawaka, ikawa tayari. Sekunde kumi na moja. Bagenda alihisi, bila kukiri, kwamba kulikuwa na utovu fulani wa heshima katika kasi hiyo.

Jumamosi nzima hakuigusa. Alisema anaipumzisha.

Jumapili walipotoka ibadani alikaa mezani. Mashine ilikuwa tayari kabla hajavaa miwani. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kuanzia pale ilipoishia aya ile ya mwisho, kuongeza sentensi moja ya haki kuhusu mkewe, kisha kurudisha stashahada na semina kwa kadiri ya dakika zilizobaki. Aliandika, kwa vidole viwili: Ameacha mke, Prudencia, ambaye. Akasimama hapo. Kijistari kiliwaka na kuzimika mbele ya neno hilo.

Zamani angesingizia mashine. Angesema inafikiri, akaenda kunywa maji, akarudi baada ya nusu saa na kuisahau sentensi. Sasa mashine ilikuwa imekwisha kufikiri tangu alipokaa. Ilikuwa inamsubiri yeye.

Robo saa ilipita. Prudencia alikuwa dirishani akichambua mchele kwenye ungo, na hakutoa msaada wowote.

"Mama Koku."

"Abee."

"Njoo upige. Vidole vyangu vimekauka."

"Nilikwisha kupiga ya kwangu. Hii ni yako."

Kijistari kiliwaka, kikazimika.

"Ofisini kule Magu," alisema Bagenda, "uliacha kazi mwaka gani? Nataka niweke mwaka."

"Themanini na tano."

"Themanini na sita. Wewe ulipunguzwa mwaka ule ushirika ulipopunguza watu, na mimi nilikuwa nimekwisha kwenda Biharamulo kuanza ukaguzi. Nakumbuka vizuri."

"Ushirika haukupunguza mtu," alisema Prudencia, akipepeta. Aliokota kijiwe akakitupa nje. "Mwaka themanini na tano walinifanya mkuu wa masjala. Nilikaa kwenye kiti hicho wiki mbili. Halafu ikaja barua yako ya uteuzi, ikasema Biharamulo, na ukaniuliza tutaondoka lini. Nikaandika barua yangu, nikaipiga mwenyewe, nakala tatu."

"Uliniambia walipunguza watu."

"Nilikuambia hivyo."

Bagenda alivua miwani. Alijaribu kukumbuka sura ya mkewe wiki hizo mbili, kama kulikuwa na gauni jipya, kama alirudi nyumbani akitembea tofauti, na hakupata kitu. Alichokumbuka ni barua ya uteuzi. Angeweza hata kuitaja kumbukumbu namba yake.

"Miaka arobaini," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na semina."

Alikaa akitazama kioo. Sentensi aliyotaka kuiandika haikuwepo tena, na ile iliyohitajika ilikuwa ndefu, ingekula dakika tano kati ya kumi, pengine saba. Alivaa miwani. Akaanza kupiga, kidole baada ya kidole, na Prudencia akaweka ungo chini, akavuta kiti, akakaa mahali ambapo angeweza kuliona kila neno likiingia.